Ndege Nyeupe za Baba Mdogo

Mwanangu ameanza chekechea mwaka huu, na kila Jumapili jioni nakaa barazani na raba zake, kipande cha sponji na kichupa cha dawa nyeupe ya viatu. Wenye watoto wa shule mnaijua harufu yake: kali kidogo puani, kama chokaa iliyochanganywa na spiriti. Wengine harufu hiyo huwakumbusha gwaride na viboko vya Jumatatu asubuhi. Mimi hunirudisha kwetu, milimani juu ya Mbinga, kwenye baraza letu lililopigwa lipu nusu, na kwa Baba mdogo Osmund akiwa ameinamia kipande cha boksi la sabuni, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo, anapaka ndege rangi nyeupe. Ikinijia hivyo huziacha raba zilivyo, nikaingia ndani kuhakikisha mtoto yupo.

Baba mdogo Osmund alikuwa kitindamimba kwao, na alikuwa mwanajeshi. Kwa miaka mingi tulimjua kwa picha tu, iliyotundikwa sebuleni juu ya redio: kijana mwenye kofia ya bluu, kifua mbele, meno yote nje. Alikuwa amepelekwa nchi ya mbali, nchi ya mchanga na jua, kulinda amani ya watu wengine. Kaka yangu Ditram alijivunia jambo hilo shuleni hadi wenzake wakachoka naye. Kisha mwaka mmoja, kabla ya masika, ile picha ikarudi nyumbani. Nasema picha kwa sababu mtu aliyeshuka kwenye gari kule barabarani alifanana nayo kwa kila kitu, ila meno hayakuonekana.

Alikuja na mkewe, Mama mdogo Frida, Mnyasa wa ufukweni, mwenye kicheko cha haraka na gunia la usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, ulionukisha nyumba wiki nzima. Baridi yetu aliishangaa kama mtu aliyeonyeshwa uchawi. "Mnaishije huku, jamani? Hata maji ya kunywa yanauma meno!" Mama alimpenda siku hiyo hiyo. Hawakuwa na mtoto. Baba akawapa chumba cha nyuma, na sisi tukaambiwa Baba mdogo amepumzishwa kazi, anahitaji utulivu, tusimsumbue. Hakuna aliyetuambia anapumzika kutokana na nini.

Hakunywa pombe. Kijijini kwetu mwanajeshi aliyerudi halafu hanywi ugimbi anatiliwa shaka kuliko mlevi, na wazee walikuja kwa zamu kumdadisi, wakaondoka na majibu ya shikamoo na marahaba tu. Bibi, mama yao, alimtazama kwa siku kadhaa kisha akamwambia Baba kwa Kimatengo kwamba huyu mtoto amerudi mwili, mwenyewe bado yuko njiani. Baba akasema atafika. Akatupa jembe begani, akaenda shambani.

Mchezo ulianza wakati wa mvua, zile siku ambazo ukungu unakaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga. Ditram alikuwa akirusha ndege za karatasi sebuleni, moja ikatua ndani ya sufuria ya maharage, Mama akawaka. Baba mdogo akaiokota ile ndege iliyolowa mchuzi, akaigeuzageuza.

"Hii haijui kukaa angani," alisema. "Ndege ya kweli inakaa. Inakaa juu yako, na wewe huna la kuifanya."

Kesho yake alichukua mlango wa zamani wa banda la mbuzi, akaulaza juu ya magogo mawili barazani, ukawa meza. Akakata ndege kwenye maboksi ya sabuni. Hazikuwa za kukunja. Zilikuwa bapa, kama umbo la ndege linavyoonekana kwenye kivuli chake, mabawa mawili na mkia. Kila moja aliitoboa katikati. Kisha akalifungua gurudumu la baiskeli mbovu ya Baba, akatoa spoku, akazikata sawasawa, na kila spoku akaichomeka wima kwenye kipande cha mviringo alichokikata kwenye kandambili kuukuu. Hicho ndicho kilikuwa kisimamo. Ndege ilivishwa kwenye spoku kama nyama kwenye kijiti cha mshikaki, ikashikiliwa kwa chini na kijipete cha mpira wa tyubu. Ukikisukuma kijipete juu, ndege inapaa. Ukikivuta chini, inashuka. Alama za msumari kwenye spoku zilionyesha kimo: juu kabisa, katikati, chini.

Ukirudi nyuma kidogo ukafinya macho, spoku zilipotea kwenye ukungu na ndege zikabaki zimesimama hewani, kimya, juu ya mlango wa mbuzi. Zilikuwa nzuri sana, na nakumbuka niliziogopa.

Ditram alichukua ndege nyekundu, mimi za bluu. Kamba yenye mafundo ilipima mwendo, dadu la ludo liliamua nani kampiga nani. Huwezi kuipiga ndege msiyolingana nayo kimo. Ukipigwa unashuka alama moja, na ukifika chini kabisa kwenye kandambili umetua. Iliyotua haipigi wala haipigwi. "Ikishatua haina madhara kwa mtu," Baba mdogo alirudia kila mara, kama katekista anayekaririsha amri. Ditram alitoa mlio wa injini hadi mate yakajaa mezani. Baba akirudi kutoka kwenye kahawa alisimama na matope yake, akatania kwamba vita vya dunia vimehamia kwenye baraza lake na hakuna aliyemwomba ruhusa. Na Baba mdogo alianza kuongea, kula, hata kucheka. Mama mdogo Frida alikuwa akipita na ndoo ya maji anatuangalia, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetembea juu ya ubao mwembamba, asiyetaka kusema neno usije ukakatika.

Baadaye akatengeneza zile nyeupe.

Zilikuwa mbili, kubwa kuliko zetu. Alizipaka dawa ya raba za Ditram, tabaka juu ya tabaka, mpaka kichupa kikaisha, na Ditram akaenda shule na raba za rangi ya udongo akachapwa. Zilifanana kama mayai ya kuku mmoja. Chini ya tumbo la moja alichora duara: hiyo ilibeba unga. Chini ya tumbo la nyingine alichora msalaba: hiyo ilibeba moto. Ukiwa umekaa mezani huwezi kujua ipi ni ipi, na kuchungulia kwa chini kulikatazwa kabisa.

Mchezo ukawa mwingine. Alichora kwa chaki kijiji, kisima na soko. Punje za mahindi ndizo zilikuwa watu, na visoda vilivyofunikwa juu yao ndiyo mahandaki waliyojificha. Mchezaji mmoja alipewa watu, mwingine ndege nyeupe. Mwenye ndege alizichanganya mgongoni, akavisha moja kwenye spoku, akaisogeza taratibu kuelekea sokoni huku akiishusha kimo kimoja kimoja. Kabla haijafika, mwenye watu lazima aamue: watoke, au wabaki? Wakitoka, na ndege ni ya unga, wanakula. Wakitoka, na ndege ni ya moto, mwenye ndege alifunika glasi ya chai pale sokoni, na punje zote zilizoingia chini ya glasi zilirushiwa kuku. Wakibaki ndani, na kumbe ulikuwa unga, njaa inachukua punje moja kutoka kila shimo.

Ditram hakuupenda. "Humu hakuna kupigana," alilalamika, "ni kubahatisha tu." Akarudi kwenye mpira wake wa makaratasi. Nikabaki mimi na Baba mdogo, na mdogo wetu Desideria, tuliyemwita Desi, ambaye hakuwa ameanza shule na kazi yake ilikuwa kula punje zilizoanguka kabla kuku hawajaziona.

Mwanzoni mimi ndiye niliyekuwa na watu, na niliwatoa mapema, maana nilipenda kuona wanakula. Siku nyingine walikula wao, siku nyingine kuku. Yeye alisogeza ndege kwa vidole viwili, polepole mno. Baadaye akataka tubadilishane. Nikasogeza ndege mimi, yeye akawa na watu, na hakuwatoa hata mara moja. Njaa ikachukua punje hii, ikachukua ile, mpaka visoda vikabaki vitupu.

"Umeshindwa, Baba mdogo!" nilipiga makofi.

"Afadhali," alisema.

Siku moja aliniuliza, "Gau, wewe ungejuaje? Iko juu pale, nyeupe, inakuja. Ungetazama nini?"

Nilifikiri sana, kisha nikasema ningemuuliza rubani. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea, na mimi nikajifanya kumtafuta Desi chini ya meza.

Masika yakaisha, baridi ya kipupwe ikaingia, na kidogo kidogo mchezo ukaanza kutoka mezani. Kwanza alikata majani, akapanda juu ya nyumba, akayatandaza juu ya bati letu jipya, ambalo Baba alikuwa amelitafuta kwa misimu kadhaa ya kahawa. Alisema linang'aa mno, linaonekana kutoka mbali. Majirani walicheka hadi wakashika mbavu: watu wanatoka kwenye nyasi kwenda kwenye bati, kwa kina fulani wanarudi. Baba alicheka nao mbele yao. Jioni alimwambia Mama, "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwacheni." Lakini sauti haikuwa ya mtu anayecheka.

Kisha akawa anakatisha mlo, anainua kidole, anasikiliza. Sisi sote tunanyamaza, ugali mkononi, tunasikiliza na sisi, na kilichosikika ni mashine ya kusaga kule bondeni. Akatufundisha filimbi ya mdomo: akipiga mara moja, tulale kifudifudi popote tulipo. Kwetu ilikuwa raha. Tulilala kwenye matope, kwenye mavi ya mbuzi, Desi akilala huku amefumba macho kwa nguvu na makalio juu. Mama, aliyefua nguo, hakuona raha yoyote.

Halafu akachimba shimo. Mashamba yetu, kama mjuavyo waliofika Umatengo, ni ya ngolo: mteremko mzima umejaa mashimo yaliyopangana kama sega la nyuki, mahindi na maharage yakiota kwenye kingo. Mvua ikinyesha maji hukaa mashimoni, udongo hauendi. Baba mdogo alichagua ngolo moja chini kabisa ya shamba, akaichimba ikawa ndefu na ya kina, akaweka mbao juu, akalaza majani, akafukia kwa udongo. Ukipita usingejua. Mama aliligundua kwa kutumbukia mguu. Alipandisha na chepe mkononi, akasimama mbele ya shemeji yake.

"Shemeji, lile ni la nini?"

"La watoto," alijibu, kwa upole kabisa.

Mama tangu siku ile alianza kwenda na Desi kwenye kahawa, amembeba mgongoni ingawa alishakua mzito.

Siku yenyewe Desi alikuwa na homa ndogo, ndiyo maana aliachwa nyumbani na mimi. Ilikuwa msimu wa kuchuma. Baba na Ditram walikuwa wamepeleka kahawa kwenye mtambo wa kumenyea, Mama na Mama mdogo Frida walikuwa mteremko wa pili na vikapu. Ukungu uliondoka mapema, anga likawa la bluu, safi, bila kitu. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji.

Niliisikia kabla ya kuiona. Ilitokea nyuma ya mlima, ndege ndogo, nyeupe, chini kiasi kwamba niliona magurudumu. Baadaye watu walisema ilikuwa inapima madini ardhini. Ilipita juu yetu moja kwa moja, ikafika mbali, ikageuka, ikarudi kwa mstari ulio kando ya ule wa kwanza. Ikageuka tena. Ilikuwa kama mtu anayelima tuta baada ya tuta, haruki hata moja. Watoto wa kijiji kizima walitoka mbio, wakirukaruka na kupunga mikono: "Ndege, niletee pipi! Ndege, niletee pipi!" Na Desi, homa yake na blanketi lake, akawapita wote, akasimama katikati ya uwanja amenyosha mikono juu.

Filimbi ikalia. Hakuna aliyelala. Nilimwona Baba mdogo akishuka barazani kama aliyerushwa, akamzoa Desi kwapani, akateremka shambani akiruka kingo za ngolo, panga mkononi. Huku anapiga kelele kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu, "Rudini ndani! Msitoke! Msitoke!"

Nilimkimbilia nikianguka na kuinuka. Nilipofika alikuwa amekwisha kumweka Desi shimoni, amerudisha mbao na majani, anasukumia udongo kwa mikono. Kisha akalala juu yake, kifua juu ya mbao, shingo ameipinda kutazama angani. Chini yake Desi alikuwa analia. Mama alikuja kutoka upande wa pili, amepoteza kitenge na kikapu, na alipokaribia Baba mdogo akainua panga.

"Lala chini, shemeji! Watakuona!"

"Osmund, mtoto hapati hewa. Baba, nakuomba. Mtoto wangu hapati hewa."

"Lala chini!"

Wanaume wawili watatu walifika, wakasimama mbali, kila mmoja akipima urefu wa panga. Ndege ikarudi. Kivuli chake kilipita juu ya shamba, juu ya Mama, juu yangu. Na ilipokwisha kupita nilitambua kwamba kilio cha Desi kilikuwa kimepungua. Kilitoka kidogo, kikakatika, kikatoka tena, chembamba kama cha paka aliyefungiwa kabatini.

Sikupanga nilichofanya. Nilikuwa mtoto, na nilijua sheria za mahali pamoja tu ambapo Baba mdogo alikuwa anasikiliza. Nilipanda mbio hadi barazani, nikachukua ndege zote mbili nyeupe na visimamo vyake, nikarudi nazo nimezikumbatia, spoku zikinichoma tumbo. Niliwapita wanaume. Mmoja alinishika gauni, likachanika. Nikapiga magoti mbele ya lile panga, nikasimamisha ndege ya kwanza kwenye udongo.

Akaiona. Macho yake yalitoka angani yakaja kwenye spoku.

Nilivuta kijipete chini, alama kwa alama, mpaka ndege ikagusa kandambili. "Baba mdogo, imetua."

Alihema. "Igeuze."

Nilikuwa sijui ni ipi kati ya zile mbili. Niliichomoa, nikaigeuza. Ulikuwa msalaba. Alitoa sauti ndogo kooni, akajigandamiza kwenye mbao kwa nguvu zaidi, na nilidhani nimemuua mdogo wangu.

"Lakini imetua," nilisema. "Ikishatua haina madhara kwa mtu. Ulisema mwenyewe."

Alitazama mkononi mwangu. "Na ile nyingine?"

Nikaishusha nayo. "Zote zimetua. Hakuna kitu angani."

"Nasikia," alisema. Na kweli, nyuma ya mlima, ule mlio ulikuwa unarudi. Sote tuliusikia. Nilimwona Mama akifumba macho.

Hapo ndipo Mama mdogo Frida, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akihema, alipoongea. Alitumia sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeulizwa njia. "Hiyo ni mashine ya kusaga, Osmund. Leo wana mahindi mengi. Watu washatoka, wako sokoni, wanakula. Mtoe na huyu."

Panga likaanguka. "Basi mtoeni," alisema, na akaanza yeye mwenyewe kufukua, kucha zikivunjika kwenye mbao.

Desi alitoka akiwa wa rangi ya majivu, udongo mdomoni. Mama alimgeuza kichwa chini, akampiga mgongoni, akamnyonya pua na kutema, akampiga tena huku akimwita jina lake lote la ubatizo. Alipokohoa, wanawake waliokuwa wamefika wakaanza kulia kwa sauti, kama msiba umefika badala ya kuondoka.

Wanaume walimfunga Baba mdogo kwa kamba za mbuzi. Aliwanyoshea mikono, akawaonyesha hata mahali pa kukaza. Jioni ile gari lilimpeleka hospitali, Mama mdogo Frida amekaa nyuma, amempakata kichwa. Baba aliporudi alivunja spoku moja moja, akachoma mabawa yote nyuma ya nyumba, na moshi wa zile nyeupe ulitoka mweusi.

Kijijini yalisemwa mengi: bangi, majini ya jangwani, laana ya mtu aliyekataa pombe ya wazee. Mama hakutaka jina lake litajwe ndani ya nyumba, na picha ya juu ya redio ilitoweka. Mimi nilibaki na swali nisilokuwa na wa kumuuliza: kati ya watoto wote waliokuwa uwanjani, mimi nikiwa jikoni hatua chache tu kutoka kwake, kwa nini alimchukua Desi?

Nilimpata wa kumuuliza miaka mingi baadaye. Baba mdogo yupo. Alitibiwa, akatulia, na wanaishi kwa kina Mama mdogo Frida, kijiji cha ufukweni baada ya Mbamba Bay, ambako analima mihogo na kumeza vidonge vyake kila siku bila kukosa. Mwaka jana nilishuka kwenda kuwaona. Nilimkuta mzee kabla ya wakati wake, mpole, amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba. Nikamwamkia, akanishika mkono akakaa nao. Tukala samaki wa ziwani, mbasa wa kuchoma. Baadaye, Mama mdogo akiwa anaosha vyombo, alianza kunisimulia mwenyewe, bila kuulizwa, macho kwenye ziwa.

Huko alikokuwa, alisema, watu wa kijiji kimoja walikuwa wamejichimbia mashimo, kwa sababu kulikuwa na ndege zilizokuja kuwachoma. Chakula nacho kililetwa kwa ndege. Na zote zilikuwa nyeupe. Watu wakawa hawatoki tena kwa ndege yoyote, na watoto wakaanza kufa kwa njaa mashimoni. Yeye alikuwa amejifunza maneno machache ya lugha yao, kwa hiyo yeye ndiye aliyetumwa kuzungumza nao. Asubuhi moja waliambiwa kwamba ndege yao ya chakula inakuja. Ikaonekana. Akapita shimo kwa shimo akiwaambia watoke.

"Kulikuwa na kabinti," alisema, "kadogo, kama Desi wakati ule. Kalikuwa kananipenda. Wakubwa walisita, kenyewe kakatoka kwanza, na beseni la plastiki kichwani. Kakasimama sokoni kanaipungia ile ndege. Wakubwa walipokaona, ndipo wakatoka na wao."

Nilimpa salamu za Desi, ambaye yuko chuoni, mrefu kuliko mimi, hakumbuki chochote cha siku ile ila hawezi kulala amejifunika uso. Akauliza kama anakula vizuri.

Mama mdogo Frida alinisindikiza njiani. Nilimuuliza kama alikuwa akijua yote haya tangu zamani.

"Mwanangu, alikaa miaka hajaniambia," alisema. "Nilichosikia mimi ni usingizini tu. Kila mara, 'Tokeni! Tokeni!' Nikadhani ananifukuza. Nikawa najiuliza, mbona nimelala naye peke yangu, na yeye anafukuza wengi?"

Nilikuwa nikidhani Baba mdogo alitufundisha kucheza vita. Alikuwa ametuwekea mezani asubuhi ile moja, tena na tena, kwa maboksi ya sabuni na punje za mahindi, labda mtoto asiyejua kitu ataona kitu ambacho yeye hakukiona. Na mimi nilikuwa napiga makofi.

Tulikuwa hatujafika mbali watoto walipoanza kupiga kelele za furaha ufukweni. Nikageuka. Mbali juu ya maji ulikuwa umesimama mnara mweusi, unainuka na kujipinda kama moshi wa kitu kikubwa kinachoungua. Walikuwa kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kwa mamilioni, na upepo ulikuwa unawaleta kwetu. Watoto waliingia ziwani mpaka magotini, vikapu na masufuria juu, tayari kuwanasa. Baba mdogo alikuwa amesimama mbele ya nyumba, kigoda kimeanguka nyuma yake.

Mama mdogo aliniacha pale njiani. Alirudi kwa haraka, lakini bila kukimbia, akasimama kando yake, akamshika kiwiko.

"Ni kungu, Osmund," nilimsikia akisema. "Ni kungu tu."

Alitikisa kichwa kukubali. Lakini hakuwaondolea macho wale watoto mpaka wa mwisho wao alipotoka majini.